Lundo la Magugu Bwawani

Nilichokiona kwanza kwa mzee msafisha bwawa ni reki yake. Ilikuwa kavu. Bwawa la bustani lilikuwa limeota magugu upande mzima, naye amekaa ukingoni, reki mapajani.

"Shikamoo, mzee. Unatazama nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kibisi. Yule pale."

Nikaona kindege cha mviringo, shingo nyekundu kama kutu.

"Si kifaranga cha bata huyo?"

"Hata mimi nilibisha hivyohivyo, mke wangu akanicheka mpaka basi. Bata ana mkia. Huyu mkia wake hauonekani. Halafu pembeni mwa mdomo ana doa jeupe. Subiri sasa."

Kibisi akazama kimyakimya, akaibukia mbali kabisa.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, katika nyumba ya wafanyakazi inayotazama bwawa. Alipougua, kitanda kikasogezwa hapo, naye akabaki na hamu moja: kuona vifaranga vya kibisi vimepanda mgongoni mwa mama yao. Ili mkewe aone vizuri, mzee aliingia majini akayakokota magugu yote. Reki ikaleta lundo bichi linalochuruzika maji. Alipolitupa ukingoni, mayai yakapasuka. Hakujua kwamba kibisi akitoka kiotani huyafunika mayai yake kwa magugu.

"Aliona yote kutoka dirishani," aliniambia. "Nikaingia ndani nimeloa. Akaniambia, 'Bwawa limetakata, mume wangu.' Basi. Bora angenitukana."

Mkewe hakuuona msimu uliofuata.

Tukiwa bado tumekaa, msimamizi wa bustani akapita.

"Mzee, magugu hayo yanangoja kadi ya mwaliko?"

"Yanangoja wageni, bosi. Wakishafika nitayang'oa mpaka mwenyewe uyaonee huruma."

"Jumatatu nataka kuona maji."

Akaenda zake. Mzee akanionyesha kwa kidole lundo jingine, dogo, linaloelea katikati ya matete. Mtu asiyejua angesema ni takataka.

Leo ni Jumamosi. Nimemkuta amekwisha kuleta kigoda alichokalia mkewe akishona, amekiweka ukingoni kikielekea matete. Yeye mwenyewe amekaa chini, kwenye nyasi. Kibisi ameatamia na hajatoka tangu asubuhi. Nasimama mbele ya kigoda nimwone vizuri.

"Sogea huku, mwanangu," ananinong'oneza. "Usimzibe."