Kimea Kibichi Mashineni

Nakumbuka siku niliyoapa kuacha shule, mwanangu, na sababu ilikuwa fankisheni moja tu, yaani kanuni ya hesabu inayopokea namba na kutoa nyingine. Nilikuwa kidato cha tatu hapa Katandala. Mwalimu aliandika ubaoni moja kugawanywa kwa mabano ya x kutoa tatu, akauliza domeni yake, yaani namba zinazoruhusiwa kuingia. Nikajibu kwa mbwembwe: namba zote. Akaniwekea kosa, la tatu mfululizo. Niliona aibu mpaka nikalia. Nyumbani nikamwambia mama sirudi tena, hesabu si zangu.

Mama hakubishana. Kaka yangu alikuwa anakaribia kuoa, na kimea cha ulezi cha pombe ya harusi kilikuwa kinangoja kusagwa. "Kianike kwanza kikauke," aliniambia.

Haraka haraka haina baraka, lakini mwenye hasira utamwambia nini? Nilikibeba kibichi vilevile mpaka mashine ya kusaga ya Mzee Hamisi. Yeye alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, nami nikakimimina mwenyewe. Mkanda ulilia, ukanuka mpira, mashine ikazimika. Ndani ulezi ulikuwa umegandamana kama ugali.

Aliporudi nilijua leo ni bakora.

"Shikamoo mzee. Nimeharibu mashine."

"Marahaba. Mashine nzima, binti." Akachota kimea, akakifinya kiganjani. "Na kimea chako kizuri. Ila hakijakauka, na mashine hii haipokei kibichi. Kaanike, halafu ukilete."

Akafungua chekeche, akaanza kukwangua.

Nilianika siku mbili, nikigeuza kimea na kichwa changu pia. Siku ya pili, pale penye x nikaweka tatu. Tatu kutoa tatu, sifuri; na kugawanya kwa sifuri hakuna. Kumbe! Tatu si namba mbaya, fankisheni ile tu ndiyo haiipokei. Nikatazama na upande wa kinachotoka, ule shuleni wanaouita renji: moja igawanye kwa namba uitakayo, sifuri haitatoka kamwe. Hata mashine ya Mzee Hamisi ilitoa unga, mchele haikutoa hata siku moja.

Jumatatu nilipotaka kumwambia mama narudi shule, nilikuta sare yangu imekwisha kufuliwa.

Hesabu hizo ndizo nilizofundisha mpaka nikastaafu. Sasa wewe, mwanangu, umeniletea karatasi yenye makosa matupu, unasema huna akili. Naumia kukusikia. Kabla hujakokotoa, uliza: nini kinaruhusiwa kuingia? Kisha uliza: nini kinaweza kutoka? Na ukikataliwa mahali usijiite mbovu. Mvumilivu hula mbivu. Rudi ukaanikwe, kisha uje tena.

Mungu akupe jua la kutosha, hata msimu huu wa ukungu wetu. Nenda kalale. Sare yako nimeshaifua.