Nyota za Orioni na cherehani ya shangazi

Jioni yote nyota zinanitokea kama minyoo kwenye picha.

Kamera nimeiweka kwenye balkoni ya mbao, juu ya chumba anachoshonea shangazi. Nataka lile wingu la gesi lililo kwenye kundi la nyota la Orioni.

Nikarekebisha fokasi weee. Nikafunga upya mota inayoifanya kamera ifuate nyota. Bado minyoo.

Shangazi akaenda kuchemsha chai. Picha ikatoka safi, kila nyota nukta.

Akarudi kushona. Minyoo ikarudi.

Kumbe cherehani ndiyo inatikisa mbao.

Nikashuka kumwomba aache kushona.

“Sawa, mwanangu. Lakini ninachoshona ni kanzu yako.”

Akazima taa, akaenda kulala.

Picha ndiyo hii, isifieni vizuri. Kanzu iko na mkono mmoja na Idi ni kesho. Nani ataniazima?