Vidole Visivyochuma Chai

Serikali ilipotangaza kuwaandikisha wazee wapya kwa pesa zile za kila mwezi za kuwatunza wazee, mimi na mke wangu tuliteremka pamoja hadi ofisi ya chifu, karibu na soko la Marani. Nilivaa koti la kanisani. Njiani nilimweleza mke wangu, na kila tuliyempita, kwamba pesa hizo si sadaka bali ni haki ya watu waliotoa jasho kuijenga nchi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetoa jasho.

Karani, binti wa rika la wajukuu wangu, alikuwa na kimashine cha kusoma alama za vidole. Mke wangu alitangulia. Akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Akajaribu vingine, ikakataa. Karani akamfuta mikono kwa kitambaa, akaitazama kwa makini, akasema alama zimelika. Akataka kujua mama anafanya kazi gani.

"Ninachuma chai," mke wangu akajibu. "Tangu niolewe."

Zamu yangu ikafika. Niligusa tu, mashine ikalia papo hapo.

"Mzee," karani akasema, akifurahi kwa dhati, "vidole vyako viko safi kama vya mtoto."

Wanawake waliokuwa nyuma yetu walicheka hadi mmoja akakaa chini kwenye nyasi. Nilitamani mashine inikatae. Shamba la chai la nyumbani tunaliita letu, lakini kazi yangu humo ilikuwa kusimama njiani na kuonyesha kwa bakora vichaka vilivyosahaulika.

Mke wangu aliambiwa apumzishe mikono, aipake mafuta, kisha arudi baada ya majuma machache. Basi nikabeba kapu mwenyewe. Siku ya kwanza, karani wa kituo cha chai alimwaga majani yangu mezani, akayachambua, akanirudishia karibu yote. Yalikuwa magumu, akasema, labda mbuzi watayapenda. Mke wangu, mikono iking'aa mafuta, alikaa kivulini akinikumbusha nichume ncha laini tu: majani mawili na chipukizi. Sijamwona akiwa na furaha vile tangu harusi yetu.

Aliporudi kwa chifu, kidole kimoja kilisomeka, kile kidogo cha kushoto. Pesa zake zilipoanza kuingia, alimwajiri jirani yetu mjane, ambaye bado hajatimiza umri wa kuandikishwa, amsaidie kuchuma. Mimi sikuulizwa. Na kusema kweli, hata mimi nisingejiajiri.