Makande ya Kambare

Harufu ya maharage yaliyooza majini ina uchachu wa pombe iliyosahauliwa, na ndani ya uchachu huo mna utamu mzito unaoganda kooni. Hata ukitema mate haukutoki. Niliijua kiangazi kimoja mjini Same, zama za Mwingereza, nilipokuwa binti wa darasa la tatu. Nimeishi miaka mingi nikisoma na kufundisha, na bado sijakutana na kitu kilichonikirihisha kuliko hicho.

Baba alikuwa mtunza nyumba wa afisa mmoja Mwingereza, nasi tuliishi katika chumba cha uani. Barazani kwa afisa huyo palikuwa na sanduku la vioo lililojaa maji. Perege wadogo, waliovuliwa mto Ruvu, waliogelea juu na kudaka chochote kilichoelea. Chini kabisa, juu ya mchanga, walikaa kambare wawili wachanga wa urefu wa kidole, weusi, wenye utelezi, wakipapasa sakafu kwa ndevu zao kama vipofu wanaotafuta mlango. Chakula cha perege hakikuwafikia. Afisa alipokwenda likizo kwao alimkabidhi Baba sanduku lile, akamwambia kwamba kambare wapewe kitu kinachozama, na kwamba akirudi awakute hai. La sivyo, atatafuta mtumishi mwingine. Kitu gani kinachozama, hakusema. Mimi nililielewa sharti lile vizuri kuliko walivyodhani wazazi wangu: Baba akifukuzwa, tungerudi kitongojini kwetu milimani, juu ya Vudee, ambako darasa langu halikuwapo, na kusoma kwangu kungeishia hapo.

Kwetu kambare hakuhesabiwa kuwa samaki. Wazee wa milimani walimwita nyoka wa majini, na kanisa letu likaongeza juu yake hukumu ya Torati dhidi ya viumbe vya majini visivyo na magamba. Mama alipowatazama mara ya kwanza alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Lakini Mpare ana adabu yake ya kale, ambayo hata machukizo hayaivunji: kilichokabidhiwa nyumbani kwako ni mgeni, na mgeni hupikiwa makande. Isitoshe, mahindi na maharage huzama. Hoja hiyo ilionekana kamili, na makande yakamiminwa. Kambare waliyapapasa, wakayaacha, kwa kuwa punje zilikuwa kubwa kuliko vinywa vyao. Kesho yake Baba alitaka kuyatoa.

"Baba Naelijwa, acha!" Mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Tangu lini ukamwondolea mgeni sahani kabla hajasema ameshiba?"

"Mama Naelijwa, huyu hana ulimi wa kusema."

"Basi ngoja ale. Na umwongezee, asije akatusema kwa Bwana wake kwamba tulimnyima."

Aliongezewa. Adabu iliyowakirimu wageni wengi milimani iligeuka sumu ndani ya vioo vile. Punje zilivimba, zikapasuka, zikaota ukungu mweupe wenye nyuzi kama makohozi. Maji yalianza kufanana na uji, kisha yakafanya utando uliotoa mapovu. Perege walikufa, wakaelea matumbo juu, macho yao yakiwa yametiwa weupe. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Sisi tuliozesha chakula kwanza, samaki wakafuata. Kambare peke yao waliishi, wakipanda kila mara kumeza hewa kwa vinywa vipana vilivyopasuka kama majeraha, kisha wakizama tena katika uozo ule. Kila nilipowaona wakipanda, niligeuza uso kwa kinyaa, na papo hapo niliomba Mungu wapande tena.

Jirani yetu, mke wa askari, alipitisha kichwa juu ya ua huku ameziba pua. "Mama Naelijwa, mgeni wenu bado yupo? Siku ya tatu mpeni jembe!" Mama hakucheka.

Siku kambare waliposhindwa kupanda upesi, Baba alivua shati. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, akautumbukiza mkono hadi kwapani. Alikomba sakafu kwa kiganja, akatoa konzi moja baada ya nyingine ya ute wa kijivu uliomdondokea tumboni. Alitapika pembeni mwa baraza, akarudi, akaendelea. Sisi tuliobaki tulibadilisha maji kwa debe.

Ndipo tulipoanza kuchagua chakula kwa akili, si kwa adabu. Ugali ulimeguka na kuchafua maji. Minyoo ya shambani ilijichimbia mchangani na kufia humo. Ini la mbuzi bichi lilitoa mafuta na damu. Mwishowe ini lililochemshwa hadi kukauka, likatwangwa na kufinyangwa na pumba kuwa vidonge vidogo, lilizama likiwa zima, na kambare wakalifyonza kwa sauti nyembamba ya mate. Mama alikataa katakata chungu chake kiguswe. Ini lilichemshiwa katika kopo la kutu, nje. Mabaki yaliondolewa kila jioni, na mwenye kuyaondoa alikuwa Baba.

Afisa aliporudi alichungulia, akawaona kambare, akauliza habari za perege, akaguna, akaingia ndani kuoga. Baba hakufukuzwa, na kazi ya kuwalisha kambare ikabaki kwake. Muhula ulipofunguliwa nilikaa kwenye dawati langu.

Siku hizi wajukuu zangu wanakula kambare wa kubanikwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na mmoja wao anafuga samaki wa kukaa chini majini, katika sanduku la vioo sebuleni. Huwatupia kidonge cha dukani kisicho na harufu, hunawa kwa sabuni, kisha hukaa nasi mezani. Sijamweleza kwamba tangu msimu ule Mama hakukubali mkono wa Baba uingie katika sahani yetu, hata baada ya kuusugua kwa majivu. Na kwamba Baba, bila kulalamika, alikula peke yake nje, mgongo wake ukituelekea, hadi nilipomaliza shule.