Winchi na Kiti cha Gurudumu Moja

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata mkewe, siku za mapenzi, alimwita Winchi, na siku za hasira alimwita "wewe". Kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu: majokofu, makabati, vitanda vya mbao ngumu, na masofa ambayo aliyeyanunua hakufikiria kuupima mlango kwanza. Majengo mengi ya mjini yana lifti, lakini lifti zenyewe zina tabia ya kufa siku ya kuhama. Hapo ndipo Winchi anapoitwa. Anafika, analizunguka jokofu, anaguna, anajifunga mkanda wa kubebea, halafu anawaambia wenzake maneno yale yale: yeye atakaa chini. Kwenye ngazi uzito wote humwangukia aliye chini, na Winchi hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake uzito.

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi simu. Miguu yake haikufanya kazi tangu alipougua akiwa mtoto mchanga, ila mikono yake ilifanya kazi ya watu wanne, na mdomo wake, akiutumia, ya watu sita. Alikuwa na kibanda kona ya barabara: meza moja, taa ya shingo ndefu, lenzi ya kuvaa jichoni, na bisibisi ndogo kama vijiti vya kuchokolea meno. Kiti chake cha magurudumu alikiendesha kwa fujo, watu walimpisha wenyewe. Tatizo lilikuwa vidato vya mlangoni, ambavyo mwenye jengo alikuwa akiahidi kuvivunja tangu enzi na enzi. Kwa hiyo kiti kilibaki nje kikiwa kimefungwa kwa mnyororo, na asubuhi na jioni Winchi alipita kumpandisha na kumshusha.

Namna yake ya kumshusha ilikuwa kichekesho cha mtaa mzima. Winchi aliingia, akazima taa, akamnyanyua mdogo wake, akatoka naye. Hakuuliza kitu. Mara nyingine fundi alibebwa akiwa na bisibisi mkononi na skrubu zimebanwa midomoni, huku simu ya mtu imebaki mezani tumbo wazi. Wateja walicheka. Fundi mwenyewe hakusema neno, maana mwenye skrubu midomoni hasemi.

Kazi hiyo Winchi aliianza utotoni. Siku moja mama yao alimfunga mtoto mgongoni mwa kaka yake, akawatuma dukani, akamwambia kaka asimwache mwenzake popote. Mama alimaanisha asubuhi ile tu, kwenda na kurudi. Winchi alielewa maisha yote.

Sasa ikatokea kwamba mwanamke mmoja mwenye mguu wa bandia alileta simu iliyotumbukia mtoni. Fundi akamuuliza mtoni alikuwa anafanya nini. Mwanamke akajibu kuwa anavusha watu. Kumbe alikuwa kocha wa klabu ya matembezi ya mlimani, klabu ya watu wenye ulemavu na vijana wa kujitolea. Wasioona walipanda kwa kushika fimbo ndefu pamoja na wenzao. Wasiotembea walipanda kwa kiti cha gurudumu moja: gurudumu katikati, mipini mbele, mipini nyuma, na kamba za kuvutia. Simu ilipona siku hiyo hiyo. Fundi ndiye aliyeanza kuugua, na ugonjwa wake ulikuwa mlima.

Aliitangaza habari hiyo nyumbani kwa kaka yake, chai ikiwa mezani. Winchi alicheka. Alipoona wengine hawacheki, akauliza nani atambeba. Fundi akasema vijana wa klabu. Basi neno hilo lilimchoma Winchi mahali ambapo hata yeye hakujua pana kidonda. Vijana gani? Vijana wasiojua hata kubeba meza, wambebe mdogo wake juu ya mawe? Akaapa kuwa piga ua, bila yeye hakuna safari.

"Wifi aende, na wewe ubaki upumzishe goti," mkewe alisema.

"Goti gani?" aliuliza Winchi, akamkata jicho mkewe mpaka mada ikafa.

Goti lilikuwepo. Lilianza kuvimba tangu siku aliposhusha kabati la vioo kutoka orofa ya juu, na kila usiku alilipaka dawa akijifanya anakuna. Tusimfiche hapa ilhali yeye mwenyewe alijificha: alikuwa na wivu. Kama mdogo wake angefika kileleni kwa mikono ya watu wengine, basi yeye Winchi alikuwa na kazi gani tena duniani, mbali na majokofu?

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa mpira. Kocha aliwapanga wabebaji, akaeleza sheria kuu ya klabu: aliye kitini ndiye nahodha. Kiti hakiondoki, hakigeuki wala hakisimami bila amri yake, na hakuna kumgusa bila kumuuliza. Amri zilikuwa za mdomo na za mkono kwa pamoja, kwa sababu msichana mmoja kati ya wabebaji alikuwa kiziwi. Kiganja kikisukumwa mbele ni twende. Kiganja kikishushwa ni taratibu. Ngumi juu ni simama.

Winchi alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Akaenda moja kwa moja kwenye mpini wa nyuma, akasema hapo ndipo pake. Walipofika kwenye mtaro wa maji pembeni mwa uwanja, kabla nahodha hajafungua mdomo, yeye akakiinua kiti na aliyekuwamo, akavuka, akakiweka ng'ambo kwa ustadi mkubwa. Akageuka akisubiri sifa. Wenzake wote walikuwa wamebaki ng'ambo ya pili, mikono hewani, wakimtazama.

Kocha akamwomba akirudishe. Winchi akakirudisha. Wakaanza upya toka golini, na alipofika mtaroni Winchi akafanya vile vile, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea. Ikabidi waanze tena. Ilipofika zamu iliyofuata, nahodha alimaliza kicheko chake kwanza, akasukuma kiganja mbele, na kaka yake akavuka akiwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende.

Siku ya safari walifika chini ya mlima asubuhi na mapema. Njia ilianza kwa upole, ikapita msituni, ikavuka daraja la magogo, kisha ikaonyesha rangi zake. Mawe yalianza. Fundi alitoa amri kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kitini hapo, na kiti kikapanda. Alikuwa amejaa furaha isiyofichika. Alisalimia ndege. Aliuliza majina ya miti, na asipojibiwa aliibatiza mwenyewe: mti mmoja mnene uliegemea mwenzake, akauita Mwenye Jengo.

Winchi nyuma alikuwa akitokwa jasho la aina nyingine. Goti lilikuwa limewaka tangu darajani. Kila alipokanyaga kwa mguu wa kulia, aliuma meno na kuhesabu jiwe linalofuata. Alijikaza kisabuni, akawaza kuwa kilele hakipo mbali, na kwamba mtu hafi kwa goti. Hakuwaza kwamba mpini wa nyuma ukiachiwa kwenye mteremko ule, anayeanguka si yeye.

Walikuwa wamebakiza kipande kimoja tu, mwamba mpana wenye njia nyembamba, ndipo ngumi ya nahodha ilipopanda juu. Msafara wote ukasimama. Kocha akauliza kuna nini. Fundi akaomba kiti kiwekwe chini na kugeuzwa, atazamane na kaka yake.

"Kaka, goti linakuuma tangu darajani."

Winchi alisema ni kiatu.

"Si kiatu. Utoto wangu wote nimekaa mgongoni mwako. Mguu wako ukianza kuburuta, mimi huwa najua kabla yako."

Winchi alitazama pembeni, kule chini kwenye mti wa Mwenye Jengo. Vijana wakajitia kukaza kamba zilizokwisha kukazwa. Hatimaye akasema kwamba ikiwa ni hivyo basi, warudi wote, mlima haukimbii, watakuja siku nyingine goti likipoa. Fundi akatikisa kichwa.

"Wewe utabaki hapa. Sisi tutaendelea."

"Mama alisema nisikuache."

"Hujaniacha. Mimi ndiye ninayekuacha, na nitakurudia."

Alisema bila ukali, na ndiyo maana Winchi hakupata pa kushika. Aliuachia mpini. Msichana kiziwi akauchukua, akaupima uzito wake, akamwonyesha Winchi dole gumba. Kiganja cha nahodha kikasukumwa mbele, na kiti kikaondoka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Winchi alimwona kwa nyuma mdogo wake akienda mahali ambapo yeye hafiki, mabega yake na kitambaa chake cha kichwa vikipungua taratibu kati ya mawe.

Klabu haimwachi mtu peke yake, kwa hiyo kocha alimkabidhi msaidizi wake msafara, akabaki. Alikaa kwenye jiwe, akauvua mguu wake wa bandia, akamwomba Winchi aushike ili yeye akung'ute changarawe kwenye soksi. Winchi akaushika mguu huo kwa heshima, kama mtu aliyekabidhiwa kikombe cha ushindi. Labda ndio uliomfungua mdomo. Alisema yote: wivu, goti, usingizi uliopotea, na ile hofu kwamba wakifika juu bila yeye hatakuwa na maana tena kwa mdogo wake. Kocha hakumbembeleza. Alimwambia hilo amuulize mwenyewe, akampa biskuti.

Biskuti ilikuwa haijaisha filimbi ilipolia juu. Winchi akanyanyua macho. Pale kileleni, kwenye mwanga, kulikuwa na kitu kidogo chenye mikono miwili hewani, nacho kilikuwa kikipiga kelele ambazo upepo ulizila njiani zikabaki vipande. Winchi akalia. Ilikuwa furaha, na wivu nao ulikuwamo, na goti pia lilichangia. Alipunga mkono mpaka bega likachoka, bila kujua kama anaonekana.

Waliposhuka na kumfikia, goti lilikuwa limevimba kama boga. Alijaribu kusimama, likakataa. Kocha akaamuru kiti cha akiba, ambacho vijana walikuwa wamekibeba kikiwa kimekunjwa, kifunguliwe. Winchi akakataa kata kata. Akasema atatambaa. Akasema atalala hapo. Fundi, akiwa kitini kwake, alimtazama tu na kumuuliza kama angependa waite watu wa kuhamisha makabati.

Akakaa. Vijana wakashika mipini, kisha hakuna kilichotokea. Winchi akageuka huku na huku kuona wanamngoja nani.

"Nahodha, tunasubiri," kocha alisema.

Winchi, aliyezoea kuwakoromea mafundi wa lifti, alisema twendeni kwa sauti ya mgeni anayeomba maji. Wakaondoka. Kitini dunia ni nyingine. Unaona migongo ya watu na matawi. Kila jiwe linakupa taarifa, na roho yako iko kwenye viganja vya watu usiowaona. Walifika mahali pembamba, na kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akaudaka mguu wake uliokuwa ukining'inia, akausogeza ndani, akaendelea na safari. Alivyouweka ndivyo mtu anavyoweka mzigo.

Winchi aliujua mkono huo. Ulikuwa wake. Hivyo ndivyo alivyomwekea mdogo wake miguu garini, kitandani, kitini, miaka yote, huku akizungumza na mtu mwingine.

Ngumi yake ikapanda juu. Msafara ukasimama. Kocha akauliza kama ameumia, akasema hapana. Akamtafuta mdogo wake, aliyekuwa kitini hatua chache mbele yake, shingo ameigeuza.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

Fundi hakuuliza nini.

"Ulikuwa umechoka kila jioni," alisema. "Na ulikuwa unakuja kila jioni."

Halafu akamkumbusha nahodha mwenzake kuwa anazuia msafara, na watu wana njaa.

Winchi alikaa nyumbani mpaka goti likarudi kwenye ukubwa wa kibinadamu, na mkewe hakumsema zaidi ya alivyostahili. Siku hizo msichana kiziwi na wenzake walipita kibandani asubuhi na jioni, na fundi aliwaamrisha kwa mikono mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Baadaye Winchi akarudi zamuni. Jioni ya kwanza aliingia kama kawaida, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi ya taa ulipokumbuka. Akaurudisha mgongoni, akaushika kwa mkono wa pili. Akamuuliza mdogo wake kama yuko tayari.

Fundi alikuwa ameinamia simu, lenzi jichoni, skrubu midomoni. Hakugeuka. Aliinua ngumi.

Winchi akasimama palepale mlangoni. Mteja mmoja aliyezoea vichekesho vya jioni akamuuliza mbona leo hambebi mtu, amekuwa nguzo? Winchi akamjibu kwamba anasubiri amri. Nje magari yalipita na taa za maduka zikaanza kuwaka. Mle ndani skrubu ziliingia mahali pake moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote. Fundi aliiwasha simu, akaisikiliza ikilia, akampa mwenyewe, akafuta meza, akavua lenzi. Kisha akamtazama kaka yake, akasukuma kiganja mbele.