Tawi Bichi Njiani

Shija mdogo wangu,

Ninapoikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni shikamoo ambayo haikuitikiwa. Wewe ulikuwa bado kwa bibi, Igunga. Sisi tulikuwa wageni huku mapori ya Ulyankulu, tumehamia na ng'ombe msimu uleule. Kaka Masanja alitangulia malishoni, mimi nikamfuata na ugali na kibuyu cha maziwa mgando. Nilitembea taratibu, maana unanijua, napenda njia ambayo hakuna wa kunisemesha.

Pale njia inapogawanyika, moja kwenda bwawani na nyingine mbugani, nilimkuta mzee amechuchumaa, bunduki ya zamani begani. Nilishawahi kumwona kwa mbali. Ni Mzee Maganga, Mnyamwezi wa kijiji cha jirani, mwindaji mwenye kibali chake. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo babu. Kimya. Tangu nizaliwe sijaona mzee akiacha shikamoo ya mtoto ining'inie hewani. Nikadhani nimemkosea kitu.

Alikuwa anatazama tawi la mti, majani yake mabichi kabisa, limelala kukingama njia ya mbugani. Kwato zilikuwa zimelikanyaga likavunjikavunjika.

"Nani kapitisha ng'ombe hapa?"

"Kaka yangu."

"Hakuliona tawi?"

Aliliona, nani asingeliona? Ila kwetu Igunga tawi likilala njiani ni tawi tu. Unaliruka, safari inaendelea.

"Nimelilaza mimi, alfajiri," akasema, na sasa alikuwa ananong'ona. Huko kunong'ona ndiko kulikonitisha. "Nimefunga njia. Humo kuna nyati, ana waya wa mtego mguuni, umekata mpaka mfupani. Nyati mwenye maumivu hamkimbii mtu, mjukuu wangu. Anamsubiri."

Kibuyu sikumbuki kama nilikiweka chini au kilianguka chenyewe. Nikafungua mdomo nimwite Masanja. Mzee akaniwahi kwa mkono.

"Ukimwita ataitika. Akiitika, nyati kajua alipo. Nifuate, kanyaga ninapokanyaga."

Nyasi zilikuwa zinanifika kifuani. Kila zikitikisika nilisimama, na mara nyingi ulikuwa upepo tu. Mbele kwa mbali niliisikia kengele ya Madoa, yule ng'ombe wetu anayeongoza wenzake. Ikalia, ikalia, halafu ikakoma. Shija, sijui nikuelezeje ukimya ule. Niliyasikia mate yangu yakipita kooni.

Mzee Maganga akainama, akainuka, akainama tena.

"Nyayo zimechanganyika. Ng'ombe wenu wamezifuta za kwake. Sijui yuko mbele au tumeshampita."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka wakati ule woga wangu wote nilikuwa nimeuegemeza kwenye mgongo wa yule mzee, kama mtoto anayebebwa. Sasa naye hajui.

Tulipofika mwisho wa nyasi ndefu nikawaona ng'ombe uwandani. Masanja alikuwa anaelekea kwenye kichuguu kikubwa, dumu la maji mkono mmoja, simu mkono wa pili. Unamjua kaka na mtandao. Akiona mahali palipoinuka lazima apande, ainue simu juu kama anamwonyesha Mungu.

Lakini mimi nilikuwa nawatazama ng'ombe. Hakuna aliyekuwa anakula. Wote wamesimama, ndama katikati, masikio mbele, pua zimeelekea kichuguu kilekile. Ng'ombe akinusa simba hukimbia kwanza. Hawa hawakukimbia. Walisimama kama wanavyosimama kisimani wakikutana na fahali wa kundi jingine, wakimpima kama ni wa kugombana naye au la. Na huku hakuna kundi jingine.

"Babu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Babu, yuko nyuma ya kichuguu. Wanatazama fahali mgeni."

Akawatazama ng'ombe, akanitazama mimi. Hakuuliza nimejuaje.

"Unaweza kuwarudisha bila kumwita mtu?"

Ningeweza. Kwa mluzi wa jioni, ule wa kuwaita zizini. Nawe unajua Baba anavyofoka msichana akipiga mluzi. Nilikuwa naupiga nikiwa peke yangu na ng'ombe tu, kwa siri. Nikakaza midomo, ikatoka pumzi tupu. Midomo ilikuwa imekauka. Masanja akaweka dumu chini, akakanyaga kichuguu mguu mmoja. Nikailamba midomo, nikajaribu tena, na mluzi ukatoka.

Madoa akageuka. Kengele ikalia. Wote wakaja kwetu.

"We Madoa! Mchawi mkubwa we!" Masanja akashusha mguu, akaanza kuwakimbiza. "Zizini saa hizi? Umemsikia nani, mashetani yako?"

Alikuwa bado anamtukana ng'ombe wa watu wakati nyati alipotokea nyuma yake. Hakulia wala hakukoroma. Alitoka tu, mweusi, akalikuta dumu pale Masanja alipokuwa amesimama, akalishindilia kwa pembe mpaka likapasuka. Nililisikia lile dumu, na mpaka leo likianguka dumu jikoni nashtuka. Kisha akasimama, mguu mmoja ameuinua, waya unang'aa, akatutazama. Mzee alikuwa ameinua bunduki, lakini ng'ombe na kaka walikuwa katikati. Tukarudi kinyumenyume. Nyati naye akarudi nyuma ya kichuguu chake. Askari wa wanyamapori walikuja kesho yake wakammaliza.

Kwenye njia panda Mzee Maganga alikata tawi jingine, akalilaza palepale. Ndipo akanigeukia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikalia hapohapo, mbele ya watu, mimi.

Jioni alikuja nyumbani. Baba alikuwa amekasirika, nadhani kwa hofu. "Mzee, tawi tu? Ungekuja kutuambia!"

"Tawi tu!" Mzee akasema. "Babu zetu waliobeba mizigo kutoka hapa kwenda pwani walifunga njia hivihivi, wa nyuma wasipotee. Ninyi Wasukuma macho yenu yako kwenye mikia ya ng'ombe, njia ikisema hamsikii."

"Na wewe Mnyamwezi unasoma majani, kwato zikakushinda! Mpaka usomewe na mtoto."

Wakacheka, kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Tangu siku ile Mzee Maganga akifunga njia hupita kwetu kwanza. Baba naye humwambia ng'ombe walikataa kunywa wapi na walisimama wakitazama upande gani. Kuhusu mluzi wangu Baba hajasema neno mpaka leo.

Shija, kesho mimi narudi shuleni Tabora na wewe unachukua fimbo. Nimekuandikia kwa sababu nikikwambia usoni nitaishia kulia. Ukikuta tawi limekingama njia, lishike majani. Kama ni bichi, geuza ng'ombe, hata kama nyasi za huko ni nzuri kiasi gani. Kama limekauka, usiamue mwenyewe, nenda kamuulize Mzee Maganga. Usimwonee aibu kama nilivyokuwa namwonea mimi. Na Madoa akisimama, simama. Chochote unachokiona kwa ng'ombe wetu kamwambie mzee, hata kama unadhani ni kitu kidogo, maana yeye hana ng'ombe wa kumwonyesha.

Mimi bado naogopa, sitakudanganya. Huko bwenini nitakuwa nakusikiliza kila jua likizama. Mungu akutangulie kwenye kila njia panda, akufungie iliyo mbaya, na akurudishe nyumbani kila jioni, Mama aisikie kengele kabla hajakuona.