Jani Ndani ya Figa la Mama

Mtu akiniita mwongo silii, nachemka. Ndivyo nilivyo mpaka leo katika uzee huu, na ndivyo nilivyokuwa nikisoma darasa la saba katika shule ya misheni juu ya Makumira, chini ya Mlima Meru, miaka ya mwisho ya Mwingereza.

Ilikuwa Ijumaa, somo la miamba. Mwalimu wetu, kijana aliyetoka chuoni mwaka uleule na aliyependa chaki kuliko chakula, alitueleza jinsi visukuku vinavyotokea. Mmea au mnyama hufukiwa na tope chini ya maji. Tope jingine huja juu yake, na jingine tena, uzito unalikandamiza la chini, maji yanapenyeza chumvichumvi katikati ya chembe na kuzigandisha. Baada ya miaka isiyohesabika tope limekuwa jiwe, na alama ya kiumbe imebaki ndani. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi naye. Kisha akapiga mstari na kuandika ubaoni: "Mlima Meru ni mlima wa moto. Mawe yake hayana visukuku."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kwetu lipo jiwe lenye jani. Ni figa la mama."

Darasa likaangua kicheko, wavulana wakigonga madawati. Mwalimu hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Alisema jani lingeungua lote kwenye moto wa mlima, na kwamba sayansi si hadithi za jikoni. Nikamjibu kwamba nimeliona kwa macho yangu. Hapo akakasirika. Jumatatu nilete jiwe hilo, la sivyo nisimame mbele ya shule nzima nikiri kwamba nimesema uongo.

Nilishuka nyumbani nikikanyaga ardhi kwa hasira. Afadhali niache shule kuliko kukiri uongo ambao sikuusema.

Kwetu mafiga hayang'olewi ovyo. Mwanamke akiyang'oa, majirani wanaelewa kwamba nyumba imevunjika. Nilijua hayo vizuri. Lakini Jumamosi asubuhi mama alipokwenda gulioni Usa na mikungu yake ya ndizi, nikaling'oa lile lenye jani, na mahali pake nikachimbia jiwe jeusi nililolitoa kijitoni, zito, zuri, la kimo kilekile. Kisha nikakaa nje kulisugua figa kwa gunzi ili masizi yatoke. Lilikuwa limepikiwa tangu kabla hajazaliwa mdogo wangu wa mwisho, moto umelichosha. Likameguka mikononi mwangu vipande vipande, na upande wenye jani ukawa unga.

Mama alirudi mchana na njaa yake, akateleka chungu cha ndizi na nyama, akachochea kuni. Mimi nimeinama namenya ndizi ambazo hakuna aliyeniagiza kuzimenya. Mara paa! Jiwe la kijitoni likapasuka, chungu kikapinduka, nyama ikalala majivuni.

Kila mwanamke wa Meru anajua kwamba jiwe la mtoni halipikiwi. Lava inapopoa, gesi zake huacha vitundu ndani ya jiwe. Jiwe likikaa majini, vitundu vinakunywa maji. Ukilipasha moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa njia ya kutokea. Hata mimi nilijua. Hasira tu ndiyo iliyonifumba macho.

"Nani kaniwekea jiwe la mtoni jikoni?" mama aliuliza, mwiko umeinuliwa.

Nikamwambia yote, maneno yakikimbizana. Akaushusha mwiko.

"Mwalimu kakuita mwongo?"

"Ndiyo, mama."

"Na jiwe lile nani kalichagua? Nani alikuonyesha hilo jani?"

"Wewe, mama."

"Basi kaniita mimi. Chukua sururu."

Jumapili kwetu hakuna aliyeshika jembe, sembuse sururu, kwa hiyo tulikuwa na saa chache tu za mwanga. Tulipanda mpaka pale wazee walipokata kilima kupitisha mfereji wa maji ya migomba. Ukingo ule ulikuwa na tabaka juu ya tabaka: kokoto, jivu la kijivu, kokoto tena. Mama alikuwa akigonga kwa mgongo wa panga na kutega sikio.

"Hili la kijivu ndilo la mafiga," alisema. "Ni jivu la mlima lililonyeshewa mvua likashikana."

"Lakini mwalimu anasema jani lingeungua."

Akanitazama kama mtu mwenye upungufu wa akili. "Jivu la jikoni likipoa, ukilimwaga kwenye majani, majani yanaungua?"

Nilisimama na sururu mkononi. Jivu lililorushwa juu na kuchukuliwa mbali na upepo lingeshuka limepoa! Lingefukia jani jinsi tope linavyofukia. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu lava, akalisahau jivu.

Tukapasua. Jiwe la kwanza, hakuna kitu. La kumi, hakuna. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, mama akafunga kanga kiunoni upya bila kunitazama. Jua lilikuwa limeshaegemea mibuni pale pigo moja la mama lilipofungua bamba la jiwe pande mbili, na ndani yake jani zima la mti wa mringaringa, na mishipa yake yote, hata palipotobolewa na mdudu. Nilipiga ukelele uliosikika ng'ambo ya korongo. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Usiku tulikula ndizi za kuchoma, na sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Jumatatu mama alilibeba bamba mwenyewe kichwani, juu ya kata ya majani makavu ya migomba, akaingia nalo darasani. Mwalimu alisimama. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba, akalitua juu ya meza ya mwalimu, akalifunua.

Mwalimu aliinama, akapitisha kidole kwenye mishipa ya jani. Akauliza limetoka tabaka gani, na mama, ambaye hakujua kusoma hata jina lake, akamweleza moja moja jivu na mvua na kushikana, na kwa nini lava haiwezi kuhifadhi jani. Hakuna aliyegonga dawati. Kisha mwalimu akageuka, akafuta maneno yake ubaoni kwa mkono mtupu, akaniita mbele na kunikabidhi chaki.

"Fungueni madaftari," akawaambia wenzangu. "Tunaandika upya. Yeye ndiye atakayesoma imla."

Nikasoma kwa sauti ya kufika barabarani, mama amesimama mlangoni akisikiliza, na mwalimu amekaa kwenye dawati langu, anaandika.